Amri Iliyofundishwa Kuuliza

Bi. Bertilla alikuja mezani kwangu na karatasi mkononi.

"Tusekile mwanangu, nipitishie macho hii barua ya kujieleza. Kiswahili chako ndicho kinachosifiwa hapa ofisini."

Nikasoma: "Kwa uzembe wangu nilifuta vipimo vya mahindi ya wakulima wa kijiji cha Kate, vya misimu miwili. Nilisahau mafunzo niliyopewa."

Aliyempa mafunzo ni mimi.

Ofisi yetu ya mbegu iko Milanzi. Kompyuta zetu tunaziamuru kwa kuandika, na amri ya kufuta inaitwa rm. Haina huruma: ukiitaja, faili limekwenda. Mwaka jana, kwenye kompyuta za hapa, niliiongezea chaguo langu, yaani neno la kuandika mbele yake, --ulizia, ili kabla ya kufuta ihoji kwa Kiswahili: "Nifute? Ndiyo au hapana?" Nilitamba sana. Watu walipokuwa wakisahau kuliandika chaguo lenyewe, nikalifanya lijiwashe daima, chini ya jina lile lile la rm.

Frank, fundi wetu kabla hajahamia Mbeya, alinikanya. "Kitu chako kipe jina lake. Siku moja mtu atakaa kwenye mashine nyingine adhani nayo inauliza."

"Mashine nyingine nazo zitajifunza Kiswahili," nikamjibu. Ofisi nzima ikacheka.

Bi. Bertilla alitolewa ghalani akiwa na miaka hamsini na mbili, nikamfundisha kompyuta. Kusafisha mafaili ya zamani nilimwonyesha njia ya haraka: andika rm na nyota, yaani yote, kisha kaa ujibu. Hapana, hapana, ndiyo. Alikuwa akijibu kwa sauti, kama anayebishana na mteja sokoni.

Siku ya Jumanne Bi. Bertilla alitumwa kituo chetu cha Chala kuchukua nakala ya vipimo, maana vilikuwa kwenye kompyuta ya kule peke yake. Akaona kwanza asafishe mafaili ya zamani. Akaandika rm na nyota, akakunja mikono kungoja swali. Halikuja.

Kikaoni Andwele, mkuu wetu, ambaye anajua mbegu na si amri, alisema mama huyu arudi ghalani, asiguse kompyuta tena.

"Nani alikufundisha kufuta hivyo?"

"Nilisahau mwenyewe, mkuu."

Mimi nilikuwa natazama kalamu yangu.

Sasa kalamu hiyo hiyo nilikuwa nimeishika juu ya barua yake. Nikaongeza koma baada ya "uzembe wangu." Mungu anisamehe, niliiongeza.

"Ulisahau nini hasa, Mama?"

"Sijui. Labda niliandika vibaya. Hapa huwa inauliza."

"Inauliza hapa tu. Niliibadilisha mimi. Kwingine kote haiulizi."

"Kote?"

"Kote."

"Na ulikuwa unajua?"

"Frank aliniambia."

Kikaoni alikuwa amelia. Safari hii macho yake yalikuwa makavu. Alichukua barua mkononi mwangu, akaichana, akaweka vipande juu ya kibodi yangu.

"Tangu Jumanne silali, najiuliza kichwa changu kimepatwa na nini. Nenda kaseme. Na mlango usiufunge, nataka kusikia."

Ofisini kwake, mlango nikiwa nimeuacha wazi, Andwele alinionyesha kiti. Sikuweza kukaa. Nilianza na jina la amri, akaniuliza ndiyo nini hiyo, ikabidi nianze upya, kwa sauti kubwa zaidi.