Mvua Ndani ya Kanda

Mama Mitambo alikuwa na masikio ya kuogopwa. Miaka yote aliyofanya kazi ya kurekodi muziki redioni, waimbaji walijua kwamba mtu akimeza mate vibaya tu, kidole cha yule mama kitainuka nyuma ya kioo na wimbo utaanza upya. Alipostaafu aliihamishia kazi nyumbani. Sebule yake ilikuwa na spika mbili ndefu kama makabati, rafu za kanda kuanzia sakafuni hadi darini, na katikati ya yote, juu ya meza ya mbao nene, amplifaya, mashine ya kukuza sauti, ambayo mumewe aliiita "dude".

Lilikuwa dude kweli. Kulisogeza kulitaka wanaume wawili wenye viuno vizima. Likiwashwa, chumba kilipata joto kama jikoni. Mzee, fundi cherehani aliyestaafu naye, alikuwa akivua shati na kulalamika, "Mke wangu, tunasikiliza muziki au tunaoka mkate?"

"Sauti nzuri ina gharama yake," Mama Mitambo alimjibu kila mara, na Mzee akageukia usingizi wake.

Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana binti yao alikuja na mumewe. Mkwe huyu alikuwa mhandisi, kijana mpole anayepima maneno, na yeye na wenzake wawili walikuwa wameunda amplifaya ya aina mpya. Binti alikuwa amemshikia bango wiki nzima: "Ipeleke kwa mama. Mama akiikubali, hakuna atakayeikataa." Mkwe akaja, ingawa kwa kusitasita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Karibu ukae. Hiyo amplifaya mmeiacha garini?"

"Ndiyo hii, mama." Akaingiza mkono kwenye mfuko wa kitambaa na kutoa kitu kidogo cheusi, kipana kama kiganja cha mtu mzima na chepesi kama mkate.

Mama Mitambo alimtazama bintiye. Kama angeileta mtu mwingine, angemwambia alichokuwa anafikiri. Lakini mkwe ni mkwe, akameza maneno, akakohoa kidogo.

"Ni ile ya kujiwasha na kujizima bila kukoma?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

Alizijua hizo. Miaka kadhaa nyuma aliisikia moja kwa rafiki yake, na vinanda vilitoka kama mchanga unaomwagwa juu ya bati. Tangu siku hiyo, mtu akizitaja mbele yake alikuwa akibadilisha mazungumzo.

Mkwe akaeleza kwa sauti ya chini. Dude lile, alisema, ni kama bomba linaloachwa nusu wazi muda wote: maji yanapita, lakini nguvu nyingi inapotea, na kupotea kwenyewe ndiko kunakoleta lile joto. Hii ndogo haijui nusu. Inafunguka yote au inafungika yote, mara laki kadhaa kwa sekunde moja, halafu koili, waya uliozungushwa, iliyo mwishoni inalainisha ile misukosuko mpaka inakuwa muziki tena.

"Unaukata muziki vipande vipande halafu unaushona," alisema Mama Mitambo. "Mkwe wangu, usinielewe vibaya, lakini muziki si nguo."

Mzee, ambaye wote walidhani amelala, alifumbua jicho moja. "Sindano yangu iliingia na kutoka miaka arobaini. Uliwahi kuona suruali niliyoshona ikidondoka vipande njiani?"

Binti alicheka mpaka akajishika tumbo. Hata Mama Mitambo alitabasamu, ingawa hakupenda.

Akainuka, akachagua kanda. Hakuwa na haja ya kutafuta. Ilikuwa kazi yake ya kwanza kabisa: msichana mmoja akiimba peke yake, bila ngoma wala kinanda, ndani ya ukumbi mtupu. Aliirekodi akiwa kwenye chumba kisicho na dirisha nyuma ya ukumbi, jenereta ikinguruma nje, hedifoni zimembana kichwa. Kila pumzi ya kanda ile aliijua. Aliijua pia kasoro yake: kwenye ubeti wa tatu mwimbaji anasita, anachelewa, kama mtu aliyesahau maneno. Jambo hilo lilimkera miaka yote. Mara ngapi alijilaumu kwamba hakumwambia arudie!

Wakaanza na dude. Sauti ilitoka nene, yenye joto, kama ilivyotoka siku zote. Akaitikia kwa kichwa. Kisha mkwe akahamisha nyaya, akazungusha kitufe.

Kimya.

"Umeme umekatika?" akauliza Mama Mitambo.

"Imewaka, mama."

Akasogeza sikio karibu na spika. Hakuna kitu. Dude lake lilikuwa na mvumo mdogo usiokoma, na alikuwa ameuzoea kama watu wanavyozoea friji ya jikoni. Sasa ulipotoweka, chumba kilipanuka ghafla, kana kwamba mtu ameondoa ukuta. Akakaa taratibu na kumpa mkwe ishara.

Kanda ikaanza kuzunguka. Kabla mwimbaji hajafungua kinywa, Mzee aliruka kwenye kiti chake.

"Nguo! Nguo ziko kambani!" Akakimbilia mlango wa nyuma bila viatu.

Walimsikia akisimama huko nje. Akarudi na kibanio mkononi, uso umemkunjamana. Jua lilikuwa likiwaka kama kawaida. "Nimesikia mvua," akasema. "Naapa nimesikia mvua."

Hakuna aliyecheka, maana Mama Mitambo alikuwa ameinua kidole, na kidole kile bado kiliogopwa. Akarudisha kanda mwanzo. Akafumba macho.

Mvua. Si kubwa, ni manyunyu tu juu ya paa la bati, mbali, laini, tone kwa tone. Kisha sauti ya msichana ikaingia ndani ya mvua ile kama mtu anayeingia nyumbani kwake. Ulipofika ubeti wa tatu, upepo ukapita, manyunyu yakazidi, na mwimbaji akasita. Akasubiri. Mvua ilipotulia, akashuka nayo, neno moja moja.

Hakuwa amesahau maneno. Alikuwa akiimba na mvua.

"Nirudishieni dude," akasema Mama Mitambo, na sauti yake haikuwa ya kawaida.

Wakarudisha. Mvumo ukaimeza mvua yote. Akaagiza shuka litundikwe mbele ya meza, mkwe abadilishe nyaya nyuma yake bila kusema neno. Kila alipobadilisha, mama alisema: "Hilo ni dude. Hiyo ni yako. Yako tena. Dude." Hakukosea hata mara moja, na kila alipotaja ya mkwe sauti ilizidi kushuka, mpaka mwishoni alikuwa akinong'ona.

"Nilirekodi mwenyewe," akasema. "Kwa mikono hii. Na sijawahi kuisikia."

Mkwe alitoka nyuma ya shuka, hajui aweke wapi mikono. "Kuna kasoro gani, mama? Niambie ukweli."

"Besi yako imekonda. Dude lina unono ninaoupenda, sitakudanganya. Ila sasa nauliza unono ule ni wa muziki au ni wa dude." Akaigusa ile ndogo nyeusi. "Yako haiongezi neno. Inasema ilichoambiwa. Haitoki humu ndani, mkwe wangu. Mtaunda nyingine."

Siku ile ile alipiga simu nyingi mpaka akampata mwimbaji. Alikuwa bibi sasa, amestaafu ualimu, sauti imemkauka kwa miaka ya kupiga kelele madarasani. Alikuja wiki iliyofuata, akakaa kwenye kiti cha Mzee, mkoba magotini.

"Nilikulaumu bure kwa ubeti wa tatu," Mama Mitambo alimwambia kabla ya kuwasha. "Nilidhani ulisahau."

"Nisahau?" yule bibi alishangaa. "Mvua ilikuwa inakuja na kuondoka. Ningeipitaje?"

Kanda ikazunguka. Manyunyu yakaanza, na yule bibi akainua macho darini. Msichana alipoanza kuimba, midomo ya bibi ilifunguka pamoja naye bila kutoa sauti, akavuta pumzi pale alipovuta, akasita pale aliposita. Mama Mitambo hakuwa akiitazama amplifaya wala spika. Alimtazama mtu akisikiliza koo lake la ujana, safi, zima, likiwa mbele yake hatua mbili tu.

Wimbo ulipoisha bibi hakusogea. Machozi yalimfika kidevuni, naye hakuyafuta.

"Nani yule?" akauliza kwa sauti ya mkwaruzo.

"Ni wewe," alisema Mama Mitambo, na wote wawili wakaendelea kukaa hivyo hivyo, wakiisikiliza mvua mpaka kanda ilipokwisha.