Mkanda wa Cherehani

Mkanda wa cherehani ulifungiwa ndani ya sanduku la mama mkwe, na ufunguo wa sanduku hilo mama mkwe alikuwa haachani nao hata akienda kuoga. Mkanda aliuchomoa mwenyewe kwenye cherehani jioni ile mkamwana wake aliporudi kutoka hospitali, mimba imetoka. Alisema kukanyaga cherehani kutwa nzima ndiko kulikoitikisa, na kwamba mtu mwenye akili zake angelijua hilo bila kuambiwa. Mwanawe, ambaye kazi yake ni kupaka nyumba rangi, alikuwa amekaa pale pale akijikwangua rangi kwenye kucha.

Basi mkamwana, fundi cherehani ambaye wateja walimwita Bi Pindo kwa vile hakuwa na mchezo na pindo la nguo, akaamini. Nani asingeamini? Kukanyaga alikanyaga kweli. Zilikuwa sare za shule, na shule zikifunguliwa hazimsubiri mtu. Akaanza kuuchukia mguu wake wa kulia, mguu wake mwenyewe, akawa akikaa anauficha chini ya kiti. Wateja wakija, mama mkwe aliwapokea mlangoni, akawaambia fundi anapumzika, kisha akawanong'oneza sababu kwa mnong'ono ambao hata jirani aliusikia vizuri.

Hospitali walikuwa wamempangia siku ya kurudi kwa ushauri. Chumba cha ushauri wa waliopoteza mimba kilikuwa kwenye ukumbi mmoja na kliniki ya wajawazito, kwa hiyo Bi Pindo alisubiri zamu yake kwenye benchi, matumbo makubwa kushoto na kulia. Aliyepanga hivyo, kama ana moyo, siku hiyo aliuacha nyumbani.

Mshauri alikuwa muuguzi wa makamo, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Alimuuliza anaendeleaje. Bi Pindo alikuwa amejiapiza kutolia, na kweli hakulia, ila swali lilimtoka kabla hajalipima: mtu aliyeua mimba yake kwa mguu wake, anaruhusiwa kujaribu tena?

Muuguzi akaweka kalamu chini. "Nani kakwambia umeiua?"

Akaelezwa habari ya cherehani. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia polepole kwamba mimba nyingi zinazotoka mapema huwa hazikukaa sawa tangu kutungwa, kwamba si cherehani, si ndoo ya maji, si hasira wala huzuni iliyoitoa, na kwamba wengi waliopoteza mara moja huja kujifungua salama. Halafu akaongeza, kama anayekumbushia jambo la kawaida:

"Lakini haya yote nilimweleza mumeo siku ile ile. Hata la cherehani aliniuliza mwenyewe, nikamwambia halihusiki."

Bi Pindo alihisi masikio yanawaka moto. Akauliza kwa nini aliambiwa mume. Muuguzi akasema Bi Pindo alikuwa amelala kwa dawa, na kwenye wodi yao kawaida ni kuzungumza na ndugu aliyepo, naye akamweleze mgonjwa.

"Nililala, sikufa," Bi Pindo alisema. "Tumbo lilikuwa langu. Mngeniamsha."

Muuguzi hakujitetea. Alisema ni kweli, walikosea, na akampa pole. Bi Pindo aliipokea kwa kuwa haikuja na maneno mengi. Hasira haikupungua hata chembe, ila sasa alijua pa kuipeleka.

Nyumbani aliwakuta mama na mwana wanakula. Hakuketi.

"Mwambie mama ulichoambiwa hospitali."

Mume akacheka kidogo, akasema aketi kwanza, ametoka mbali. Bi Pindo akamwambia tena, kwa sauti ile ile. Mume akaanza kuongea na sahani. Bi Pindo akamtaka ainue uso na aanze upya, na akaanza upya, neno kwa neno, mpaka na lile la cherehani.

Mama mkwe aliacha kutafuna. Akamuuliza mwanawe kama alijua tangu siku ile. Mume akasema mama alikuwa ameshapata sababu yake, naye aliogopa: angesema si cherehani, maswali yangemgeukia yeye, kama kasoro imetoka kwake.

"Ukaona bora nibebe mimi," Bi Pindo alisema.

"Nimeutangazia mtaa mzima," mama mkwe alisema, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile sauti yake ilikuwa ndogo. Aliingia chumbani, kufuli likalia, akarudi na mkanda. Samahani haikumtoka. Alimnyooshea tu mkamwana wake mkanda, macho yakiwa sakafuni.

"Mpe yeye," Bi Pindo alisema. "Aurudishe."

Mume akapiga magoti mbele ya cherehani. Mkanda ukawa unamponyoka kwenye gurudumu, anaurudisha, unaponyoka tena. Bi Pindo angeweza kuuvisha akiwa amefumba macho, lakini alisimama tu akimtazama. Uliposhika, alivuta kiti, akauweka mguu wa kulia juu ya kanyagio, akakanyaga bila uzi wala kitambaa. Gurudumu likazunguka.

Mume, bado magotini, akauliza kama amemsamehe.

Bi Pindo akamwambia bado. Kesho wateja wakija, mlangoni atasimama yeye, si mama yake, awaeleze mmoja mmoja alichoambiwa hospitali, na siku aliyoambiwa.