Vilivyopasuka

Ndoo ile ilikaa chini ya meza ya fundi wa maabara miaka yote, na mtafiti alizoea kuikwepa. Asubuhi hiyo aliigonga kwa mguu, vipande vya chuma vikamwagika sakafuni. Karibu vyote vilikuwa vimepasuka.

"Pole, mama kompyuta," fundi akasema, akiinama kumsaidia kuokota. "Leo umetukumbuka sisi wa masizi."

Mtafiti aligeuza kipande kimoja. Kilikuwa na alama ya mchanganyiko wake mwenyewe wa chuma, ule ambao programu yake iliuchagua kati ya maelfu, ukampandisha cheo. Ndio uliotumika kutengeneza tangi jipya la gesi ya baridi kali, kwenye kiwanda anakofanya kazi mdogo wake.

"Hivi vilipasukia wapi?"

"Kwenye jaribio la baridi kali. Vingine ukivizamisha tu kwenye gesi ya kimiminika, basi, vinapasuka."

"Mbona vipimo vyake sijawahi kuviona?"

"Kimepasuka kabla ya kupimwa, utaandika nini? Tunakutumia vilivyopimika. Hata Profesa, mkuu wetu, alikuta utaratibu ni huo."

Hakuna aliyemficha kitu. Yeye ndiye hakuwahi kuuliza. Alikuwa ameifundisha programu kwa vipande vilivyosalimika peke yake, nayo ikaamini kwamba chuma hiki hakipasuki.

Alimpigia Profesa, akamweleza.

"Tangi lilijazwa maji ya majaribio wiki iliyopita, likahimili," Profesa akasema.

"Maji hayana baridi kali kama ya gesi, Profesa. Na leo wanajaza gesi."

"Njoo kesho tuzungumze, mwanangu. Usituchafulie jina kwa ndoo ya takataka."

Akakata. Mtafiti akampigia mdogo wake.

"Dada! Niko hapa kwenye tangi lako. Wenzangu wananiita mjomba wake, kwa kuwa wewe ndiye uliyelizaa."

"Toka hapo. Watoe wote."

"Acha utani."

"Sitanii. Hicho chuma kinaweza kupasuka kwa baridi. Nimekosea mimi."

Kicheko kikamkauka mdogo wake. Nyuma yake gesi ilikuwa ikipiga mluzi mwembamba ndani ya bomba.

"Tumeshaanza kujaza," akasema polepole. Kisha akapaza sauti kwa wenzake: "Tokeni! Wote, tokeni nje!" Akarudi kwenye simu. "Koki iko upande wa pili wa tangi, dada. Hakuna aliyeifunga."

"Iache. Unanisikia? Iache, utoke."

Simu haikukatika. Mtafiti alisikia buti za mdogo wake zikikimbia juu ya sakafu ya chuma, na hakuweza kujua zilikuwa zikielekea upande gani.