Kitambaa kwenye Dumu

Dereva alistaafu usukani lakini hakustaafu ubishi. Pikapu yake ilipoanza kudondosha petroli uani, mkewe alimshauri aipeleke gereji, naye akaona ametukanwa. Miaka thelathini barabarani, leo apeleke tangi kwa vijana wa kuchomea vyuma wamlipulie gari? Thubutu! Angeliziba mwenyewe, hapo hapo nyumbani.

Na tusimwonee, alijipanga. Alichomoa betri. Alizunguka nyumba nzima akikusanya viberiti, vikapatikana viwili, akavitia mfuko wa shati ili mtu asije akawasha moto. Akaukandika ufa kwa sabuni ya kipande ili uache kuvuja, akafyonza petroli yote kwa mpira. Ilijaza dumu la lita tano. Akalifunga na kuliweka kivulini kando ya mlango wa jikoni, yanapokaa madumu ya maji. Kisha akajiona mjanja kupita kiasi: alichana shati kuukuu, akafunga kitambaa kwenye mkono wa dumu. Mwenye macho angejua hilo si la maji. Hakuona haja ya kumwambia mtu.

Akalala chali chini ya gari. Akafuta sabuni, akapiga msasa, akapaka gundi ya chuma, akasubiri ikauke huku akipiga mluzi.

Saa kumi mama yake akaita dirishani. Macho ya bibi huyo yalizima mwaka juzi, lakini chai ya jioni ilikuwa yake, na hakuna aliyethubutu kumpokonya.

"Mwanangu, nani kanifichia viberiti?"

"Ninavyo mimi, mama. Kazi imeisha." Akampitishia kimoja dirishani. Sufuria ilikuwa tayari jikoni, imefunikwa.

"Mh! Unanuka petroli mpaka huku. Nyumba nzima leo imegeuka kituo cha mafuta, hata pua yangu imekata tamaa. Nenda kaoge."

Dereva akacheka, akaenda kuchukua dumu ili arudishe mafuta kidogo kwenye tangi, ajaribu kiraka chake. Alilinyanyua kwa nguvu, likamjia jepesi. Nusu haikuwepo. Akadhani nalo limetoboka, akatazama chini. Sakafu ilikuwa kavu. Kifuniko kilikuwa kimefungwa nusu nusu.

Jikoni njiti ikakwaruza.

Dereva hajui hadi leo alifikaje ndani. Mama yake alikuwa ameinama juu ya jiko la gesi, njiti ya pili mkononi.

"Umekilowesha jasho hiki kiberiti," alinung'unika. "Ya kwanza imekataa kabisa."

Dereva alimdaka kifundo cha mkono kwa nguvu ambazo hajawahi kuzitumia kwa mwanamke yeyote, seuze kwa mama yake. Njiti ikaanguka. Akafunua sufuria. Petroli ilikuwa imetulia, safi, na majani ya chai yakielea juu yake.

Akaibeba sufuria hadi uani, akaiweka mbali, akakaa chini pale pale. Kiberiti alikuwa amekitoa yeye, kwa mkono wake.

Mkewe akaingia getini kutoka bombani, dumu la maji ya kunywa mkononi. Kwenye mkono wa dumu hilo kilikuwa kimefungwa kitambaa. Akatazama sufuria, akatazama dumu la mumewe, akaziba mdomo.

"Kitambaa umefunga wewe?"

"Alama ya hatari," akasema Dereva.

"Baba wee! Ndiyo alama ya mama! Nimeifunga tangu macho yalipozima. Maji ya chai ni yenye kitambaa."

"Mbona sikuwahi kuiona?"

Mama yake alikuwa amefika mlangoni, akipapasa fremu kwa mkono mmoja, huku akisugua kifundo kwa nguo yake.

"Miaka miwili unakunywa chai yangu, mwanangu," alisema, wala hakugomba. "Ulidhani maji nayajuaje?"

Dereva akaanza kufungua kitambaa kwenye dumu lake, na vidole vikashindwa kulegeza fundo.