Mtungi Niliousugua kwa Sabuni

Tangu apate kiharusi, mama mkwe wangu Casimira alibaki na neno moja tu mdomoni: mjinga. Akitaka maji, mjinga. Akisikia baridi, mjinga. Padri alipokuja kumwombea naye alipewa lake, akacheka kwa upole na kuondoka mapema. Kwa hiyo nilipoujaza mtungi mkubwa wa pombe maji ya moto na sabuni ya unga, na yeye akaanza kugonga mlango kwa fimbo akipiga kelele, "Mjinga! Mjinga!", nilidhani anataka shali. Nikampelekea shali.

Mimi kwetu ni migodini, Llallagua, kule juu kwenye baridi. Kwetu chombo chenye ukoko mweusi ndani kinasuguliwa, hakuna mjadala. Nikausugua mtungi kwa mchanga na brashi mpaka udongo ukarudi mwekundu. Ningekiosha na kibuyu cha marehemu baba mkwe, kile alichokuwa anakunywea, kilichotundikwa ukutani chini ya picha yake na ukoko wake wa njano umekaukia ndani. Lakini kila nikikigusa Casimira ananipiga fimbo vidoleni. Nikakiacha.

Sikukuu ya Watakatifu Wote ilikuwa inakaribia, na ulikuwa mwaka wa tatu tangu baba mkwe, don Saturnino, afariki. Mwaka wa tatu ndio wa kumuaga. Roho inafika adhuhuri, inakula na kunywa mezani kwake, na adhuhuri ya kesho yake inaondoka kabisa. Hapa Punata, bondeni nilikoolewa, marehemu haagwi kwa pombe ya kununua. Akinusa akaona si ya nyumbani kwake, atapita kama mgeni. Miaka yote Casimira ndiye aliyeipika. Sasa mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa, na mwanamke mwingine nyumbani nilikuwa mimi.

Nikaotesha mahindi, nikayaanika, nikasaga kimea, nikakichemsha kwenye sufuria kubwa mpaka macho yakaniuma kwa moshi. Nikachuja, nikapoza, nikamimina mtungini na kufunika. Hapo mtungi wenyewe huanza kazi. Pombe huumuka na kunguruma bila moto.

Wangu ulinyamaza kimya.

Nikawa naufunua asubuhi, naufunua kabla ya chakula, naufunua baada ya chakula. Naweka sikio. Kimya. Nikaufunga mablanketi, nikaupangia matofali ya moto pembeni, nikaongeza sukari guru. Nikionja, utamu ule ule wa togwa. Usingizi ulinipaa.

"Mama alikuwa anatia nini humu?" nilimuuliza mume wangu, Rufino.

"Sijui. Mimi nilikuwa nakunywa tu."

"Miaka yote hiyo hukuwahi kuangalia?"

"Nilikuwa naangalia kata."

Basi nikaenda kwa muoka mikate aliyekuwa anatengeneza mikate ya sura za watoto kwa ajili ya sikukuu, nikamwomba hamira. Sikuthubutu kuitia mtungini. Nikaijaribu kwenye ndoo. Iliumuka kweli! Ilifurika, ikatambaa hadi mlangoni, kuku wakaipiga midomo. Nikampa Casimira kijiko. Aliitema shalini, na safari hii neno lake sikuhitaji kutafsiriwa.

Wifi yangu Eduviges akaja kutoka mjini, akachota, akaonja, akaniangalia juu hadi chini.

"Wifi, hii pombe au uji wa mtoto?"

"Bado haijaiva."

"Haijaiva! Nyie watu wa milimani, zaidi ya viazi vikavu mnajua nini? Baba anakuja kuagwa, anakuta uji. Mimi naleta pipa kutoka sokoni."

"Pipa lako lisikanyage hapa!"

"Sasa atakunywa nini, hasira zako?"

Nilikaa kwenye kigoda mbele ya mtungi nikalia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Mzee yule alinipokea katika nyumba hii wakati wengine walinibagua, na mimi nilikuwa namfukuza kwa togwa.

Fimbo ikagonga ukuta. "Mjinga."

Nikampa maji. Akayasukuma. Shali, akalitupa. Nikamletea picha ya mumewe, akatikisa kichwa. Mwishowe akajiinua mwenyewe, akiburuta mguu, akakitungua kile kibuyu kwa mkono wa kushoto. Akakinusa, akakaa nacho puani muda mrefu. Kisha akaninyooshea.

Nikautazama ule ukoko wa njano, na ndipo nilipouelewa mtungi. Ule weusi niliousugua kwa brashi ndio uliokuwa hamira ya nyumba hii. Nilikuwa nimeimwaga uani pamoja na povu la sabuni. Uliobaki ulikuwa huu tu, mashapo ya pombe ya mwisho aliyokunywa don Saturnino.

"Mama," nilisema, "hiki ndicho cha mwisho kilichogusa mdomo wake."

"Mjinga," akasema polepole, akakisukumia kifuani pangu.

Nikamimina togwa vuguvugu ndani ya kibuyu. Tulikaa wote wawili tukitazama ukoko unalainika, unameguka, unaelea. Eduviges alisimama mlangoni. Nikamimina yote mtungini. Kibuyu kilipobaki kitupu, Casimira akapitisha kidole ndani, akakilamba. Nikaufunika mtungi.

Nilizunguka uani kama kuku anayetaka kutaga. Kesho yake, kimya. Nikamkaripia Rufino kwa kuvuta pua karibu na mtungi. Keshokutwa nikiwa nafagia nikasikia kitu kinatafuna. Nikaweka sikio. Ilikuwa inanguruma.

Adhuhuri ya sikukuu meza ilikuwa tayari: mikate, miwa, maua, picha katikati. Casimira akajaza kibuyu, akaimwagia ardhi tone la kwanza, akaonja. Akameza, kisha akanipa mimi ninywe, kabla ya binti yake na kabla ya mwanawe.

Kesho yake kengele za kanisa zilipogonga saa ya roho kuondoka, Casimira akaashiria ashikwe mkono hadi kwenye picha. Alikiinua kibuyu mbele ya uso wa mumewe, akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, machozi yakimtoka.

"Mjinga," akamwambia. "Mjinga wee."