Jua la Kikombe Kimoja

"Hivi Oddny, jua huchukua muda gani kumuua mtu?"

Swali lilitoka dirishani kwa Aslaug, jirani wa nyumba ya chini, asubuhi moja ya mwezi Machi, Oddny akiwa uani anawamwagia ndege mbegu. Aslaug aliuliza kama mtu anayetaka kujua viazi huiva kwa muda gani. Oddny akabaki ameinama, kopo mkononi. Katika kijiji kizima cha Tverrdal hakuna aliyewahi kumtamkia jambo hilo usoni. Mumewe Torleif alichukuliwa na saratani ya ngozi, na tangu maziko watu walikuwa wakimwona tu wanaacha kuzungumzia jua, hata kama walikuwa wanaongea habari za hali ya hewa.

"Unataka kujua kwa nini?" aliuliza.

"Nataka kujua kama litaniwahi," alisema Aslaug, akafunga dirisha upesi, maana binti yake Gunnvor alisikika akishuka ngazi.

Aslaug alikuwa na miaka tisini na moja. Kwenye pua alikuwa na kovu mahali walipomkata kiuvimbe, na tangu akatwe, Gunnvor alihamia kwake na kulitangazia jua vita. Likitokeza tu, mapazia yanashushwa. Mama hatoki bila kofia, bila mafuta ya kukinga jua, bila glavu, na siku nyingi hatoki kabisa. Gunnvor hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyemshika mama yake mkono siku ile ya kukatwa, ndiye aliyebadilisha bandeji wakati kidonda kilipokataa kufunga, na kila alipouona ule wekundu chini ya bandeji alikuwa akienda kutapika bafuni, bomba la maji likiwa wazi ili mama asisikie. Oddny aliyajua hayo kwa sababu Gunnvor mwenyewe alimweleza, jikoni, huku amejifunika uso kwa taulo ya vyombo.

Sasa siku yenyewe ilikuwa inakaribia. Tverrdal, huku kaskazini ya mbali, imebanwa na milima, na jua likishajificha mwezi Oktoba watu hawalioni tena mpaka Machi. Likirudi, ukuta wa kwanza kuguswa ni ukuta wa nyumba ya Oddny, ule wa mbao unaotazama kusini. Siku hiyo ya kwanza halikai. Linachungulia kati ya vilele viwili, linadumu muda wa kumaliza kikombe cha kahawa, kisha limekwenda. Kwa hiyo shule huwaachia watoto, watu huja uani kwake na chupa za kahawa na maandazi yaliyojazwa krimu, wanajipanga kwenye mabenchi migongo ikiegemea ukuta, wanafumba macho. Hakuna hotuba. Hata mchungaji huja kukaa tu.

Mwaka jana na mwaka juzi Aslaug aliangalia hayo kupitia kioo. Mwaka huu alikuwa amesema anakwenda. Gunnvor alikuwa amesema haendi.

Swali la dirishani lilimganda Oddny siku nzima. Jioni, akibadili nguo, alisimama mbele ya kioo na kujikagua kwa namna ambayo hakuwahi kujikagua tangu ujana. Mikono yake ilikuwa na madoa ya kahawia, ngozi nyembamba kama karatasi ya kufungia siagi. Lakini alipoinua mkono na kutazama upande wa ndani, juu karibu na kwapa, mahali ambapo jua halikuwahi kufika, aliona ngozi nyeupe, laini, kama si yake. Mwili mmoja, umri mmoja. Kwa hiyo jua limenizeesha kweli, aliwaza. Lakini pia aliwakumbuka watoto wa zamani aliosimuliwa na mama yake, waliokuwa na miguu iliyopinda kama upinde kwa kukosa jua na mafuta ya samaki. Jua hilohilo.

Alipopiga magoti kando ya kitanda, sala ilimgeukia kuwa swali. Bwana, wewe uliliumba jua siku ya nne, na ngozi ukaiumba siku ya sita. Iweje kazi mbili za mkono mmoja zisipatane? Akangoja kidogo, kwa heshima, kisha akasema amina na kulala.

Kesho yake alikuwa na miadi ya kupimwa presha. Daktari Wenche alikuwa mwanamke kijana aliyevaa soksi za sufu ndani ya viatu vya wazi.

"Presha nzuri, Oddny. Kuna lingine?"

"Lipo. Jua huchukua muda gani kumuua mtu?"

Daktari aliweka kalamu chini. "Unauliza kwa ajili yako?"

"Kwa ajili ya jirani. Ana miaka tisini na moja."

"Basi jirani simzungumzii. Ngozi naweza kuizungumzia." Akavuta kiti karibu. "Ile iliyomchukua Torleif haina adabu. Mara nyingi huwapata watu waliobabuka vibaya wakiwa vijana, kisha hujitokeza ghafla na kukimbia. Ile ya kwenye pua za wazee hutambaa. Huchukua miaka na miaka kuota, na ikionekana mapema tunaikata, basi. Mimi wanaonitisha ni hawa vijana wanaorudi kutoka Uhispania wekundu kama kamba wa kuchemsha, halafu wanacheka."

"Na mifupa? Si wanasema jua hujenga mifupa?"

"Hujenga. Lakini si hili la Machi, hapa kwetu liko chini mno. Mifupa haipati kitu mpaka Mei. Jirani anakunywa mafuta ya ini la samaki?"

"Kijiko kila asubuhi. Anakunja uso lakini anakunywa."

"Basi mifupa yake imeshalipwa."

Oddny alikaa akiligeuza jambo hilo kichwani. "Kwa hiyo jua la kwanza halina faida."

"Sikusema hivyo."

"Na hasara?"

"Kidogo sana, kama amevaa kofia. Theluji hulirudisha usoni, hapo ndipo watu husahau." Akatabasamu. "Mbona umekunja uso?"

"Nilidhani nikija kwako nitaondoka na jibu moja."

Siku ya jua ilipofika, anga lilikuwa safi. Kabla ya saa sita mabenchi yalishajaa. Halvard fundi mabomba, kama kila mwaka, alikuwa amevua shati kwenye baridi ile na wanawake wanamtania afunike tumbo lisije likatisha watoto. Mwanga ulikuwa juu mlimani, ukiteremka taratibu kwenye misonobari. Oddny alikuwa anagawa vikombe aliposikia Gunnvor akimwita kutoka mlango wa jikoni wa nyumba ya chini.

"Oddny! Njoo mara moja. Njoo umwambie wewe, mimi hanisikii."

Ndani, Aslaug alikuwa ameketi mezani, koti limefungwa mpaka shingoni, kigari chake cha kutembelea kiko mbele yake kama farasi aliyetandikwa. Gunnvor alisimama kati yake na mlango, kofia yenye ukingo mpana mkononi.

"Ameshavaa," alisema Gunnvor. "Ona! Amevaa peke yake. Anataka kupita kwenye barafu ile!"

"Barafu wameimwagia mchanga," alisema Aslaug. "Nimeona dirishani. Siku hizi kazi yangu ni kuona."

"Mama, tumeshaongea."

"Wewe umeongea."

"Walikukata pua, mama!"

"Walikata kipande. Kilichobaki kinanusa kahawa vizuri tu."

Gunnvor alimgeukia Oddny, macho yamejaa maji. "Mwambie Torleif alikufaje. Wewe uliona. Mwambie."

Nje mtoto alipiga kelele kwamba mwanga umefika kwenye paa la kanisa. Oddny alijua kwamba neno atakalolitamka sasa ndilo litakaloamua kama mwanamke huyu mzee atakaa ukutani au nyuma ya kioo, na pengine Machi nyingine hataiona. Alitamani angekuwa na maneno ya mtu aliyesoma sana. Akasema aliyokuwa nayo.

"Alikufa vibaya, Aslaug. Ilianza na doa mgongoni, dogo kama punje ya kahawa. Alikuwa na miaka hamsini na nane."

"Umesikia?" alisema Gunnvor.

"Lakini yake ilikuwa nyingine, Gunnvor. Nimemuuliza daktari. Hii ya mama yako hutambaa, huchukua miaka mingi."

"Miaka mingapi?" Aslaug aliinua kidevu.

"Kumi. Ishirini."

"Basi ianze leo. Nikifika mia na kumi na moja, nitakuja kuwalalamikia."

Gunnvor hakucheka. "Na faida yake nini? Mwambie na hilo. Daktari amesema faida yake nini?"

Oddny alisita. Uongo ungekuwa rahisi, na ungesaidia. "Kwa mifupa, hakuna. Jua la leo ni dhaifu mno."

"Haya!" Gunnvor alipiga meza kwa kiganja. "Hakuna faida! Baridi, barafu, pua imekatwa, halafu faida hakuna! Sasa mama, unafuata nini kule?"

"Nani alikwambia nafuata mifupa?" aliuliza Aslaug.

"Basi unafuata nini?"

Aslaug alifikiri. Alifikiri kweli, midomo ikicheza, kama mtu anayetafuta jina la mtu aliyesoma naye. Kisha akamtazama Oddny, kana kwamba jibu lingekuwa kwake.

"Sijui," alisema Oddny. "Hilo nilisahau kumuuliza daktari. Nami nataka kujua."

Kutoka uani ilisikika sauti moja ndefu, ya wakubwa na wadogo kwa pamoja, kama watu wanaoingia maji ya moto. Jua lilikuwa limefika ukutani.

Gunnvor alikuwa bado amesimama mlangoni, mdomo wazi kwa neno lililofuata. Aslaug aliinuka, akiegemea kigari. Alinyoosha mkono, akaichukua ile kofia kutoka vidoleni mwa binti yake, akaivaa na kuivuta hadi kwenye nyusi. Gunnvor akasogea, hatua moja. Mwanamke mzee akapita mbele yake, akatoka nje.