Jembe Nililobadilisha kwa Beseni

Akina mama wenzangu, msitoe kitu cha mzee ndani ya nyumba kabla hamjamuuliza. Mimi nilitoa, na mpaka leo sijui kama nimemnyima mwanangu mume au nimemwokoa.

Tangu mume wangu afariki, hapa Iyula naishi na mama mkwe wangu, bibi Tukuswiga, na binti yangu Grace. Chini ya kitanda cha bibi kulikuwa na jembe kuukuu lisilo na mpini, limelika hadi limebaki kama kiganja. Lilifuliwa na wazee wa ukoo, enzi sisi Wanyiha tulipoyeyusha chuma wenyewe, na ndilo lililotolewa bibi alipoposwa. Bibi siku hizi anasahau, hata mimi ananiita kwa jina la dada yake. Lakini ukimpa lile jembe, anapapasa makali na kutaja majina: nani alilifua, akamzaa nani, nani alivuka kwenda Zambia, nani alibaki. Hakosei. Sisi tunacheka tu. Hakuna aliyeandika.

Mwezi wa sita akapita mnunuzi wa vyuma chakavu, anatoa mabeseni. Nikampa sufuria zilizotoboka, mnyororo wa baiskeli na lile jembe.

Mwezi wa nane, Shadrack wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, Zambia, akaleta habari ya kumposa Grace. Watu wake wakasema babu wa baba yake, mzee Kasiani, alitoka huku huku Iyula. Nikashtuka. Kasiani si ni wa ukoo wetu, mmoja wa wale bibi huwataja? Kwetu damu haiolewi na damu. Nikamuuliza bibi.

"Nipe jembe langu," akasema.

Nikapanda gari hadi Tunduma, penye lundo la yule mnunuzi. Nikakuta majembe manne ya zamani.

"Lako lipi, mama?" akauliza dada wa pale.

Jamani! Miaka kumi na tisa nimefagia kulizunguka, sikuwahi kuliangalia. Nikachukua moja.

Jumamosi wageni wakaja. Bibi akalishika, akapapasa.

"Kasiani wa kwetu alivuka, akaoa kule."

Grace akainamisha kichwa. Bibi akaligeuza, akakunja uso.

"Hapana. Kasiani wa kwetu alikufa mdogo, hata meno hajaota. Aliyevuka ni wa watu wengine. Hili la nani? Mbona zito?"

Mshenga wao, mzee Abrahamu, akacheka. "Bibi, umetunyima mke, umeturudishia, na chai bado hatujanywa!"

Watu wakacheka. Mimi nikalitazama lile jembe. Bibi alikosea mwanzo au mwisho? Au jembe ndilo lilimchanganya? Nikapiga magoti, nikamrudishia mshenga kitambaa walichofungia pesa ya posa, kikiwa kimefungwa vile vile.

"Baba, nisameheni. Siwezi kupokea nisichokijua."

"Tutawauliza wazee wetu Nakonde," akasema, sasa hacheki. "Wakiwapo wanaokumbuka."

Walipoondoka, Grace akanifuata jikoni. Hakulia, afadhali angelia.

"Mama, Shadrack ni mchumba wangu au ni kaka yangu?"

"Sijui, mwanangu."

"Basi nitajie unaowajua wewe."

Nikamtajia baba yake. Nikamtajia baba wa baba yake. Akanisubiri, kalamu mkononi. Sikuwa na mwingine.